Sahihi Tunayotia Chuoni



Katika miezi hii washirika kadhaa wametuletea swali lile lile baada ya ibada, kila mmoja kwa namna yake. Ameomba kazi katika chuo kikuu cha Kikristo: usafi wa mabweni, jikoni, ulinzi, ofisi ya ada, zahanati ya wanafunzi. Amefaulu usaili. Kisha, pamoja na fomu za kodi na za bima, amepewa karatasi yenye tamko la imani na kanuni za mwenendo, aisome na kutia sahihi. Anauliza: nikitia sahihi maneno nisiyoyaamini yote, nimetenda dhambi? Na nikishatia, je, nimepoteza haki ya kusema nikipunjwa?

Tumeona ni vema kujibu kwa maandishi, maana maswali haya mawili watu huyajibu kwa haraka. La kwanza hujibiwa, "Wewe tia tu, Mungu anaujua moyo wako." La pili hujibiwa, "Ile ni kazi ya Mungu, vumilia." Kwa maoni yetu majibu yote mawili yana kasoro, na kasoro yenyewe ni moja. Yote mawili yanalitumia jina la Mungu kukwepa deni. Katika jibu la kwanza mfanyakazi anakwepa deni la kusema kweli. Katika la pili chuo kinakwepa deni la kutenda haki.

Kinachotafutwa na kinachodaiwa

Tuanze kwa kusema wazi kwa nini watu wetu wanazitafuta kazi hizi. Mshahara wa usafi au wa jikoni chuoni mara nyingi haushindi ule wa ghala au wa kiwanda cha nyama. Kinachowavuta ni ada. Vyuo vikuu vingi vya binafsi hapa Marekani humpunguzia mfanyakazi ada ya watoto wake, na vingine huifuta kabisa akishatimiza muda uliowekwa. Sheria ya kodi inakubali kwamba punguzo hilo, kwa masomo ya shahada ya kwanza, lisihesabiwe kuwa mapato. Kwa mama aliyelea wanawe katika kambi ya Nyarugusu, naye sasa anasukuma ndoo ya maji usiku, punguzo hilo kwa watoto watatu linaweza kupita mshahara wake wote. Kwa hiyo anayemwambia "kataa kutia sahihi" na ajue anamwambia atupe nini.

Vyuo navyo havifanani. Chuo cha Wajesuiti kama Georgetown huajiri watu wa dini zote. Wheaton College, kule Illinois, huwataka wafanyakazi wake wathibitishe tamko la imani la chuo kila mwaka. Katika vingi kuna kanuni za mwenendo: usinywe pombe, uishi kwa usafi nje ya ndoa na uaminifu ndani yake, uwe mshirika wa kanisa fulani, uhudhurie ibada ya katikati ya wiki. Wengi wetu si wageni wa mambo haya. Tulizaliwa, tulisoma au tulifanya kazi kwenye misheni, na huko mwalimu na muuguzi walitazamwa pia siku ya Jumapili wamekaa wapi.

Sheria ya Marekani inavipa vyuo hivi nafasi kubwa. Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 inamkataza mwajiri kubagua kwa dini, lakini inayaruhusu mashirika ya dini kuajiri watu wa imani yao. Mwaka 1987 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya fundi wa majengo aliyetunza jumba la mazoezi la Wamormoni mjini Salt Lake City. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka kama 16, akaondolewa kwa kukosa cheti cha hekaluni ambacho kanisa hilo huwapa waumini wanaotimiza masharti yake. Hakuwa mchungaji wala mwalimu. Kazi yake ilikuwa jengo. Majaji wote walikubali kwamba kanisa lilikuwa na haki hiyo kisheria. Basi ndugu yetu asidhani kwamba kwa kuwa yeye ni mfanya usafi tu, karatasi ile haina nguvu. Inaweza kumtoa kazini.

"Ninaamini" na "nitafanya"

Karatasi hizi mara nyingi huchanganya maneno ya aina mbili, na msomaji mwenye haraka huyaona kama jambo moja. Kuna maneno ya "nitafanya": sitakunywa, nitahudhuria, sitavuta sigara ndani ya eneo la chuo. Na kuna maneno ya "ninaamini": kuhusu ubatizo, kuhusu karama za Roho, kuhusu Sabato, kuhusu mwisho wa dunia.

Ya kwanza ni ahadi ya mwenendo, na mtu anaweza kuitimiza kwa uaminifu hata kama haoni uzito wa sababu zake. Mkatoliki anayejua kuwa glasi ya divai si dhambi anaweza kuahidi kutokunywa, akatimiza, na asiwe amedanganya mtu yeyote. Anaheshimu nyumba ya mwenyeji wake. Hata huko kwetu mgeni akifika kwenye nyumba isiyoruhusu viatu ndani huvivua mlangoni, wala haulizwi kama anaamini katika kuvua viatu. Lakini akishaahidi, anadaiwa. Ahadi ni deni. Anayetia sahihi akiwa amekwisha kuamua kwamba atakunywa nyumbani kwake ambako hawamwoni, huyo ameanza kazi kwa uongo.

Ya pili ni ushuhuda. Hapo mtu anasema lililo moyoni mwake. Mpentekoste anayenena kwa lugha hawezi kutia sahihi kwamba karama hiyo ilikoma zamani za mitume, kisha Jumapili aje hapa kuomba kwa lugha. Mojawapo ya mahali hapo pawili atakuwa anasema uongo.

Biblia ina watu wawili waliofanya kazi katika nyumba zisizo za imani yao. Wa kwanza ni Naamani (2 Wafalme 5). Baada ya kuponywa alimweleza Elisha jambo lililomsumbua: bwana wake huingia nyumba ya Rimoni kusujudu akiegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Aliomba asamehewe kwa hilo, na nabii akamruhusu aende kwa amani. Tuangalie vizuri. Naamani aliinama kwa sababu kazi yake ilikuwa kumshika mfalme. Hakusema kwamba Rimoni ni Mungu. Tena hakuficha, alilitaja jambo lake kwa mtu wa Mungu kabla halijatokea. Wa pili ni Danieli (Danieli 1). Alikubali shule ya Babeli, lugha ya Babeli, hata jina la Babeli. Chakula alikikataa. Na namna alivyokataa inatufundisha: alimwendea msimamizi kwa adabu, akapendekeza wajaribiwe siku kumi.

Hatusemi vyuo vya ndugu zetu Wakristo ni nyumba ya Rimoni. Tunasema tu kwamba mtumishi mwaminifu anaweza kwenda mbali sana katika kumheshimu mwajiri, na bado kuna mahali anaposimama na kusema, "Hapa naomba tuzungumze."

Je, Mungu si anaujua moyo?

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya kutia sahihi bila kuamini ni hii: mkubwa amelazimisha, mdogo ana njaa, watoto wanataka shule, na hakuna anayeumia. Hatuidharau. Papa Leo wa 13, katika waraka wake wa mwaka 1891 kuhusu hali ya wafanyakazi uitwao Rerum Novarum, alifundisha kwamba mfanyakazi anapokubali masharti magumu kwa sababu ya shida na hofu ya mabaya zaidi, amefanyiwa nguvu na dhuluma, hata kama kuna mapatano. Tunakubaliana naye sisi tusio Wakatoliki pia. Chuo kinachomwekea mfanya usafi tamko la mafundisho yote ya dini mbele ya mkate wa watoto wake kinamjaribu, nacho kitajibu.

Lakini dhambi ya anayekulazimisha haiyageuzi maneno yako yawe kweli. Na si kweli kwamba hakuna anayeumia. Sisi tulio wauguzi tunalijua jambo hili kazini. Muuguzi akitia sahihi kwamba mgonjwa amepewa dawa saa nane usiku, mwenzake wa zamu ya asubuhi hamuulizi tena. Anaendelea kuanzia pale. Sahihi ile imekuwa kitu cha kuegemewa. Kama dawa haikutolewa, anayeumia ni mgonjwa aliyelala, ambaye hata hajui kuna karatasi. Vivyo hivyo chuoni. Mzazi amempeleka mtoto wake pale kwa kuamini kwamba watu wanaomzunguka wanaishi imani fulani. Mwanafunzi mwenye huzuni saa tano usiku humfungulia moyo mlinzi au mama wa usafi kuliko profesa. Wameegemea sahihi yetu. Tena watoto wetu wenyewe wanatutazama. Tunawapeleka chuo cha Kikristo ili wajifunze kweli, na somo la kwanza wanalolipata ni kwamba baba alidanganya ili waingie.

Mungu anaujua moyo, ndiyo. Ndiyo maana hatuwezi kumtumia kama shahidi wa jambo ambalo moyo haukulisema.

Labani naye aliita undugu

Sasa swali la pili. Mara nyingi siku ya kwanza kazini mfanyakazi husikia, "Hapa sisi ni familia." Ni neno zuri, na wapo wanaolitimiza. Lakini tukumbuke kwamba Labani naye alimpokea Yakobo kwa maneno ya damu na mfupa (Mwanzo 29). Katika siku zile za mwanzo alisema haifai ndugu amtumikie bure, akamuuliza anataka mshahara gani. Alianza vizuri. Miaka ikapita, na Yakobo akalalamika kwamba mshahara wake ulibadilishwa mara kumi (Mwanzo 31). Undugu ulibaki mdomoni, hesabu ikawa nyingine. Wazee wetu walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Tunaongeza kwamba si kuitana pia.

Sisi wauguzi tunaijua njia hii. Kiapo cha wauguzi kinachoitwa kwa jina la Florence Nightingale kiliandikwa Detroit mwaka 1893, na tangu zamani kazi yetu imeitwa wito. Tunakubali kwamba ni wito. Lakini tumeona neno hilo likitolewa kama jibu pale muuguzi anapouliza habari za zamu ndefu au malipo. Wito unamwambia mfanyakazi afanye kazi kwa moyo wote. Haumwambii mwajiri alipe kwa nusu ya moyo. Walawi 19 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Kumbukumbu la Torati 24 inamtaja mgeni waziwazi pamoja na maskini wa nyumbani. Yakobo 5 inasema mishahara iliyozuiliwa inapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba shamba likiwa la kanisa kelele hazisikiki.

Hapa sheria nayo inasaidia. Sheria ya kazi ya mwaka 1938, inayoweka kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada, inavihusu vyuo vikuu vya dini pia. Anayelipwa kwa saa, saa zinazozidi 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. Aliyeajiriwa jikoni akiombwa "ajitolee" jikoni siku ya mahafali, saa zile ni za kazi. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya shirika la kidini la Alamo, lililoendesha vituo vya mafuta, maduka ya nguo na ufugaji wa nguruwe. Waliofanya kazi humo walipewa chakula, mavazi na malazi, wala hawakuwa na mshahara. Wapo waliosimama mahakamani kusema kwamba wao ni watu wa kujitolea. Mahakama ilisema sheria ya mshahara inawahusu hata hivyo, maana wakiruhusiwa kuiacha kwa maneno, waajiri wenye nguvu watawalazimisha wafanyakazi waseme hivyo. Majaji waliliona jambo ambalo sisi wa kanisani tunachelewa kuliona: mnyonge anaweza kufundishwa kusema ameridhika.

Vilevile ruhusa ya kuajiri watu wa imani moja haimruhusu mwajiri kumbagua mpishi au mfanya usafi kwa rangi yake au nchi aliyotoka. Lakini yapo mapengo, na ni vizuri kuyajua mapema. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mifuko ya pensheni inayoendeshwa na hospitali zenye uhusiano na kanisa inaweza kuwa nje ya ulinzi wa sheria ya pensheni ya mwaka 1974, na baadhi ya taasisi zinazotawaliwa na kanisa hazimo katika bima ya kukosa kazi. Na katika vyuo vingi mpishi au mfanya usafi ameajiriwa na kampuni ya nje. Msalaba uko getini, lakini hati ya mshahara ina jina la mtu mwingine.

Chuo kilichojifunza kwa shida

Hatuandiki haya ili kuwadharau ndugu wanaoendesha vyuo. Tunatoa mfano mmoja wa wazi. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland waliwauza watu 272, Waafrika na watoto wa Waafrika, waliokuwa watumwa katika mashamba yao. Wengi wao walipelekwa Louisiana, na sehemu ya fedha ililipa madeni ya Georgetown. Watu wale walikuwa wamebatizwa na kufundishwa sala. Waliwauza ndugu wa meza moja ya Bwana ili chuo cha Bwana kisife. Mwaka 2017 chuo na Wajesuiti waliomba radhi mbele ya wazao wa watu hao.

Katika chuo hicho hicho, mwaka 2005, wanafunzi walikaa siku kadhaa bila kula wakidai mshahara wa kuishi kwa wafanya usafi walioajiriwa na kampuni ya nje. Hoja yao ilikuwa kwamba chuo kinachofundisha mafundisho ya Kanisa kuhusu kazi kiyaishi. Chuo kilikubali, kikaweka sera ya ajira ya haki inayowahusu na wafanyakazi wa makampuni. Jina la Mungu getini, ambalo mwaka 1838 halikuwaokoa wale 272, mwaka 2005 lilitumika ipasavyo: lilikuwa kipimo ambacho chuo chenyewe hakikuweza kukikana.

Hili ndilo jibu letu kwa swali la pili. Kutia sahihi agano la chuo hakukunyimi haki ya kusema. Agano lina pande mbili. Anayekuomba uishi kama Mkristo amejifunga mwenyewe kukulipa kama Mkristo, na unapomkumbusha kwa adabu unamsaidia atimize neno lake.

Tufanye nini

Kwanza, usitie sahihi siku ile ile. Omba nakala, ije nyumbani, isomwe na mtu anayejua Kiingereza cha mikataba. Kila Jumapili baada ya ibada wazee wawili watakuwa katika chumba cha nyuma kwa kazi hiyo, na linalosemwa humo halitoki.

Pili, tenga "nitafanya" na "ninaamini". Kama unaweza kuahidi na kutimiza, ahidi. Kama kuna neno la imani usilolishika, fanya kama Danieli: nenda ofisini, sema ni neno lipi, uliza kama unaweza kuandika maelezo yako au kama kuna kazi isiyodai tamko hilo. Huenda wakakubali. Huenda wakakataa.

Tatu, uliza mambo ya dunia bila aibu: ada ya watoto inaanza baada ya muda gani, na nikiondolewa mtoto akiwa mwaka wa pili itakuwaje, pensheni inalindwa na nani, mwajiri wangu ni chuo au kampuni. Kuuliza mshahara si kukosa imani.

La nne linatuhusu sisi sote. Ofisi ikikataa, na ndugu yetu akarudi bila kazi kwa sababu hakutaka kudanganya, hatuwezi kumpongeza mlangoni kisha tumwache akalipe kodi ya nyumba peke yake. Mahubiri ya kweli yana gharama, na gharama hiyo ni ya kanisa lote: mchango, chakula, kumtafutia kazi nyingine, kuwasaidia watoto kuomba misaada ya masomo. Kama hatuko tayari kwa hayo, afadhali tusimshauri kitu. Vilevile anayepiga kinanda chetu na anayesafisha ukumbi wetu wasijibiwe "Mungu atakulipa" pale tulipoahidi kulipa sisi.

Na kwa yule aliyekwisha kutia sahihi zamani bila kusoma, na leo moyo unamchoma: usikimbie kazi kesho asubuhi. Soma ulichosaini. Huenda utakuta unaweza kukiishi chote. Kama sivyo, njoo tuketi pamoja na tuombe, tutafute njia ya kusema kweli ambayo haitawaumiza watoto kuliko inavyolazimu.

Bwana abariki kazi za mikono yenu, awape waajiri wenye hofu ya Mungu, na awape ninyi ndiyo iliyo ndiyo. Amina.

Kwa niaba ya wazee wa kanisa.